i7-2600 ama i5-4570: Usilipie Jina, Cheki Namba Kwanza

Ukipita Luthuli Avenue ukitafuta desktopu ya ex-UK, kuna mstari utauskia kabla hujamaliza maduka matatu: "Boss, hiyo ni i5 tu. Ongeza kidogo nikupe i7." Na wasee huongeza. Zile doh zenye ulikuwa umeweka kando za SSD zinaingia kwa i7, unabeba mashine kwa mathree ukiishikilia kama mtoto, na ukifika keja unapiga stika picha unaweka kwa status.

Sasa kuna kitu moja huyo msee wa duka hakukushow. Hiyo i7 ni gani? Juu kama ni i7-2600, na ile i5 ameidharau ni i5-4570, kuna uwezekano mkubwa umeongeza pesa ukapata mashine yenye iko slow kidogo kwa karibu kila kitu unafanya kila siku.

Nimechagua hizi mbili makusudi. Ziko kila mahali kwa soko ya ex-UK, bei zao hukaribiana, na ndizo huchanganya watu zaidi. Moja iko na jina kubwa, ingine iko na umri mdogo. Tuziweke kwa mizani.

Soma jina kama namba pleti

Kila Mkenya anajua kusoma namba pleti. Ukiona gari ya KB na ingine ya KD, hata bila kuambiwa unajua gani ilikuja juzi. Prosesa za Intel ziko hivyo hivyo, ni vile tu watu husoma mwanzo wanaacha mwisho.

"i7" ni cheo. Inakwambia hiyo chipu ilikuwa ya watu wa juu mwaka wenye ilitoka. Namba yenye inafuata ndio pleti. Kwa i7-2600, hiyo 2 ya mwanzo inamaanisha kizazi cha 2. Kwa i5-4570, hiyo 4 inamaanisha kizazi cha 4. Cheo cha 2011 hakikuangalii ukiwa 2013, vile tu prifekti wa Form Four wa mwaka jana hana power kwa shule tena.

i7-2600 ilitoka Januari 2011, familia inaitwa Sandy Bridge. Ilikuwa moto saa hiyo, Intel waliiweka kwa dola 294. Iko na viini vinne, yaani ile kitu wasee huita quad core, inakimbia 3.4 GHz na ikijisukuma inafika 3.8. Ndani kuna kashe ya 8 MB, hiyo ni kamemori kadogo karibu na viini venye prosesa huweka vitu inatumia sana. Inapimwa wati 95.

i5-4570 ilikuja Juni 2013, familia ni Haswell, bei ya mwanzo dola 192. Viini vinne pia, 3.2 GHz ikipanda hadi 3.6, kashe ya 6 MB, wati 84.

Ukiangalia hizo namba haraka, i7 imeshinda kila mahali. GHz zaidi, kashe zaidi, na bado sijataja ile silaha yake kubwa. Ndio maana kumuuzia mtu i7-2600 ni rahisi hivyo.

GHz si spidi

Hapa ndio wengi huuziwa mbuzi kwa gunia. GHz inakwambia prosesa inapiga hatua ngapi kwa sekunde. Haikwambii kila hatua ni ndefu aje.

Chukua kibandaski. Kila kiini cha prosesa ni mpishi mmoja. GHz ni vile mikono yake iko haraka. Lakini kuna mpishi ako na mikono haraka na meza ndogo, kila saa anasimama kutafuta mahali pa kuweka sufuria. Na kuna mwenye mikono yake iko slow kidogo lakini meza ni kubwa, vitu zimepangwa, na anaweza fanya mambo mengi kwa mkupuo mmoja. Ukipimia chakula yenye imetoka, wa meza kubwa anaweza kuwa mbele.

Haswell ndio wa meza kubwa. Kila kiini cha Sandy Bridge kiko na milango sita ya kutoa kazi kwa wakati mmoja, Haswell iko na minane. Sandy Bridge inaweza shikilia amri 168 zikingoja kupangwa, Haswell 192. Njia ya kutoa data kwa kashe ya karibu zaidi iliongezwa mara mbili. Intel hawakuongeza GHz, walipanua jikoni.

Matokeo? Ukizipima kwa kiini kimoja pekee, i5-4570 inaenda mbele kwa karibu asilimia 10 hadi 15, na hiyo ni licha ya i7 kuwa na GHz zaidi.

Na kiini kimoja ndio maisha yako mengi. Kufungua browser, kubonyeza tab, kuload website nzito, kuandika kwa Word, kuscroll Excel, kuwasha programu. Kazi kama hizo huwa zinangoja kiini kimoja kimalize, wengine watatu wamesimama wakiangalia. Hata FL Studio kwa wale wa beats: programu hugawa traki kwa viini tofauti, lakini ukirundika efekti kumi kwa traki moja, hiyo traki inabebwa na kiini kimoja. Ikilemewa, sauti inaanza kukwaruza. Hapo i5-4570 inakupatia nafasi zaidi kidogo kabla ikwaruze.

Sasa silaha ya i7

Sitaki mtu aseme namchukia i7-2600. Iko na kitu i5-4570 haina, inaitwa Hyper-Threading.

Rudi kibandaski. Mpishi ameweka maji ya ugali kwa jiko, anangoja ichemke. Kwa i5, anangoja tu. Kwa i7, kila mpishi amepewa jiko ya pili: maji ikichemka upande huu, anageuza chapo upande ule. Bado ni mpishi mmoja na mikono miwili, lakini hapotezi taimu akingoja. Kwa prosesa, kungoja huko ni kungoja data itoke kwa RAM, na hiyo hufanyika kila saa.

Ndio maana i7-2600 ikiwa Windows inaonyesha nane badala ya nne. Hizo nane si viini, ni thredi, na muuzaji akikwambia "hii ni core nane" jua ameongeza chumvi. Faida ya kweli, kwa kazi yenye inabana prosesa yote kama kurenda video ama kurenda 3D, huwa kama asilimia 20 hadi 30 juu ya chipu hiyo hiyo bila Hyper-Threading. Ni nyingi, lakini si mara mbili.

Piga hesabu sasa. i5 iko mbele kwa kila kiini, i7 inarudisha na hiyo jiko ya pili. Kwa kazi nzito ya viini vyote, i7-2600 inaishia mbele kidogo, tuseme asilimia 10 hivi. Video yenye i5 ingemaliza kurenda kwa dakika 30, i7 inamaliza karibu dakika 27. Kwa PassMark, ile benchimaki watu hupenda kugugo, jumla zao zimekaribiana hadi unaweza dhani ni chipu moja. Ukiangalia alama ya thredi moja hapo hapo chini, i5 imetoka mbele.

Kwa hivyo swali yako ni hii: ni mara ngapi kwa siku unabana viini vyote? Kama wewe hurenda kila jioni, dakika tatu kwa kila nusu saa ni kitu. Kama hurenda video moja ya birthday kwa mwezi, unalipia dakika tatu kwa mwezi.

Na hata kwa warendaji kuna kona. Ukiweka kadi ya grafiksi kama GTX 1050 Ti, kadi yenyewe iko na sehemu inaitwa NVENC yenye inafanya kazi ya kuexport video. Prosesa inabaki kusaidia tu. Hapo ile faida ya i7 inapungua sana.

Kitu yenye hawawezi kukushow dukani

Hii ndio sababu yangu kubwa, na haionekani kwa stika, haionekani kwa bei, na muuzaji wengi hawaijui.

Prosesa huelewa amri fulani pekee. Kila kizazi Intel huongeza zingine. Sandy Bridge ilileta seti inaitwa AVX. Haswell, miaka miwili baadaye, ikaleta AVX2, yenye inaruhusu prosesa kuchapa hesabu nyingi za namba nzima kwa mpigo mmoja. i5-4570 iko nayo. i7-2600 haina, na haiwezi pata. Si kitu ya kuapdeti, ni chuma yenyewe.

Kwa miaka mingi hiyo haikuwa shida. Programu ikikosa AVX2 ilikuwa inatumia njia ya zamani, polepole tu. Lakini sasa watengenezaji wameanza kuchoka kubeba wazee. Adobe kwa minimum ya Premiere Pro za karibuni wameandika prosesa iwe na AVX2. Cinebench 2024, ile programu ya kupima prosesa, inataka AVX2 ndio ifanye kazi. Yaani i7-2600 haiwezi hata kuingia kwa ring kupimwa.

Uone tofauti ya hizi shida mbili. i5-4570 kukosa Hyper-Threading inakufanya ungoje dakika tatu zaidi. i7-2600 kukosa AVX2 inaweza kukufanya usifungue programu kabisa. Moja ni kuchelewa, ingine ni mlango umefungwa. Ukweli pia ni kwamba Adobe wanaomba kizazi cha 6 kwenda juu, kwa hivyo hata i5-4570 hapo ni mgeni asiyealikwa. Lakini mgeni asiyealikwa anaweza ingizwa. Mwenye hana AVX2 anarudishwa kwa gate.

Kuna jambo lingine la kimya kimya. Januari 2018 dunia iliambiwa kuhusu Meltdown na Spectre, mashimo ya usalama ndani ya prosesa zenyewe. Dawa ililetwa kupitia apdeti, na dawa hiyo inapunguza spidi kiasi. Microsoft wenyewe walisema mashine za Haswell na za nyuma ndizo zitaskia uchungu zaidi. Zote mbili ziko kwa hiyo boti, lakini Haswell iko na amri ya ziada yenye inafanya Windows ipunguze gharama ya dawa ya Meltdown. Sandy Bridge haina, kwa hivyo inameza dawa bila sukari. Zile benchimaki za i7-2600 za 2011 unaona YouTube zilifanywa kabla ya hiyo dawa kuingia.

Usinunue chipu, unanunua nyumba yake

Hakuna mtu hununua i7-2600 pekee yake Nairobi. Unanunua HP Compaq 8200 Elite ama Dell Optiplex 990 na chipu iko ndani. Kwa i5-4570 ni HP EliteDesk 800 G1 ama Optiplex 9020. Na hapa, manze, ndio tofauti inakuwa kubwa kuliko prosesa zenyewe.

USB kwanza. Chipuseti ya mashine za kizazi cha 2 haina USB 3.0 yake mwenyewe. Ukihamisha muvi za GB 50 kutoka kwa haddisk ya nje kwa USB 2.0, nenda upike, kula, osha vyombo, bado itakuwa inaendelea. Mashine za Haswell ziko na USB 3.0 tayari.

SSD pili. Kwa 8200 na 990, mazabodi iko na milango miwili pekee ya SATA yenye spidi kamili ya 6 Gb/s. Zingine ni 3 Gb/s, yaani SSD yako yenye ingesoma karibu MB 550 kwa sekunde inabanwa chini ya 300. Fundi akichomeka SSD kwa mlango wowote tu, hautajua umepoteza. Kama tayari uko na hiyo mashine, fungua kava, angalia namba kando ya soketi, hamisha SSD iingie SATA 0 ama 1. Dakika tano, bila kulipa mtu.

Grafiksi ya ndani tatu. Hii si hata mashindano. i7-2600 inakuja na HD 2000, yenye iko na vitengo sita vya kuchora na inaishia DirectX 10.1. Gemu yenye inataka DirectX 11 haifunguki, haijalishi umeweka settings chini aje. i5-4570 iko na HD 4600, vitengo 20, DirectX 11, na inaweza toa picha ya 4K kwa skrini. Kama hauna doh ya kadi ya grafiksi kwa sasa, hapa hakuna mjadala.

YouTube lakini zote mbili huteseka. Hakuna yenye iko na sehemu maalum ya kufungua video za VP9 ama AV1, zenye YouTube hutumia sana siku hizi, kwa hivyo prosesa inabebeshwa mzigo. Kuna kiongezi cha browser kinaitwa h264ify chenye hulazimisha YouTube ilete H.264, na hiyo zote zinafungua bila jasho. Video zitaishia 1080p, lakini feni itanyamaza.

Stima? Tofauti ya wati 95 na 84 ni 11. Ukizibana zote hadi mwisho masaa sita kwa siku, mwezi mzima, hiyo ni kama unit mbili za token. Usinunue mashine kwa hiyo sababu.

Wale wa gemu

Gemu ni kesi ya pekee juu hapa i7 iko na hoja ya maana. GTA V ile ya kwanza ya PC iliomba angalau Core 2 Quad Q6600 na ikapendekeza i5-3470. Zote mbili zetu ziko juu ya hiyo, na ukiweka kadi nzuri hautaona tofauti ya kupigania. i5 itakuwa mbele kiasi kwa gemu zenye hutegemea kiini kimoja.

Lakini gemu kubwa za miaka ya karibuni hupenda thredi nyingi. Kwa prosesa ya thredi nne pekee, avareji ya fremu inaweza kuwa fiti lakini kila baada ya muda unaskia kama imekwama nusu sekunde, hasa ukiwa na Discord na browser nyuma. Hizo thredi nane za i7-2600 husaidia kulainisha hapo. Hii si porojo ya wauzaji, ndio sababu i7 za kizazi hicho zimezeeka vizuri kuliko i5 wenzao wa umri mmoja.

Sasa angalia GTA V Enhanced ya 2025. Minimum wameandika i7-4770. Hiyo i7-4770 ni chipu gani? Ni Haswell, kizazi cha 4, viini vinne, thredi nane, hadi 3.9 GHz, na inaingia kwa soketi ile ile ya i5-4570, soketi 1150.

Shika hapo. Ukinunua mashine ya i5-4570 leo, kesho ukipata doh unatoa i5 unaweka i7-4770. Umepata meza kubwa, jiko ya pili na AVX2 zote pamoja, bila kubadilisha kava, RAM ama Windows. Ukinunua ya i7-2600, iko kwa soketi 1155 na wewe tayari uko karibu na paa ya hiyo nyumba. Kupanda kunamaanisha kuhama. Na usikubali fundi akwambie anaweza weka i5-4570 kwa 8200 yako, hizo soketi hazishikani.

Ya kadi ya grafiksi: i7-2600 inaongea na kadi kwa PCIe 2.0, i5-4570 kwa PCIe 3.0, karibu mara mbili ya upana. Kwa GTX 1050 Ti ama 1650 hautaskia sana. Lakini kadi kama RX 6400, yenye watu huipenda juu inaingia kwa kava ndogo, inatumia njia nne tu za PCIe. Ukiiweka kwa mashine ya 2.0 umeinyonga.

Kwa hivyo?

Bei ikiwa sawa, chukua i5-4570. i7-2600 ikiwa ghali kuliko i5, chukua i5-4570 na ile tofauti iingie kwa SSD ama RAM ya pili. Mtu wa i5 na SSD atakuwa amefungua Chrome na kujibu email mtu wa i7 na haddisk ya kuzunguka akiwa bado anaangalia duara ya Windows. Na RAM iweke mbili mbili: stiki mbili za GB 4 ni haraka kuliko moja ya GB 8, juu prosesa inasoma zote kwa mpigo, na hiyo grafiksi ya ndani hula kutoka hapo hapo.

i7-2600 ina maana kwa mtu mmoja: ameipata bei ya kutupa, ako na kadi ya grafiksi tayari, na kazi yake ni Blender ama kitu yenye hubana viini vyote bila kudai AVX2. Na kama tayari uko nayo kwa keja, usiuze ukilia. Tofauti ya hizi mbili haistahili uingie hasara ya kuuza na kununua tena.

Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8, kwa hivyo zote ziko nje, na Windows 10 ilifika mwisho wa sapoti tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine itaendelea kuwaka. Kama ni ya kuingia benki na kazi ya wateja, Linux Mint inakimbia vizuri kwa zote mbili na bado inapata apdeti.

Ukiwa dukani, usiamini stika

Stika ya i7 inaweza bandikwa hata kwa friji. Omba mashine iwashwe, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia Performance halafu CPU. Jina kamili liko juu upande wa kulia. Chini utaona "Cores" na "Logical processors". i7-2600 isome 4 na 8. i5-4570 isome 4 na 4.

Sasa angalia herufi ya mwisho, hapo ndio kuna ngori. i5-4570S ni sawa, inaanzia 2.9 GHz ili itumie wati 65, viini bado vinne. Lakini i5-4570T ni mnyama mwingine kabisa: viini viwili pekee, thredi nne. Hupatikana kwa zile desktopu ndogo za kukaa nyuma ya skrini. Task Manager itaonyesha 2 na 4, na msee wa duka ataapa ni i5-4570 ile ile. Ukiona hiyo, kila kitu nimesema hapo juu kuhusu i5 hakikuhusu.

Mwisho, joto. Hizi mashine zimekaa ofisini Uingereza miaka, na ile pesti kati ya prosesa na hitsinki hukauka. Prosesa ikipata joto sana inajipunguza spidi yenyewe, na hapo i7 inaweza kimbia kama Pentium. Beba 7-Zip kwa flash, ni ya bure. Ndani, chini ya Tools, kuna Benchmark. Iache ikimbie dakika kumi ukiongea bei, huku umefungua Task Manager kando. Spidi ikianza 3.5 halafu iteremke hadi mbili na kitu, mwambie abadilishe pesti mbele yako ndio utoe pesa.